Siku Niliyopunguza Kadi za Ardhi

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, nikaipata, na aliyeumia zaidi si mimi. Naliweka hilo mbele kabisa ili asitokee mtu wa kunipa pole katikati ya habari. Nyinyi mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mtu wa kujisifu kidogo (sawa, si kidogo), na huwa nasimulia mikasa yangu kwa kucheka, lakini huu nimejaribu kuucheka mara nyingi na kila nikifika katikati kicheko kinakatika.

Inabidi kwanza nimtaje Kassimu. Tulisoma naye chuo cha Kurani, tukakua pamoja hapa Bagamoyo, mimi nikawa fundi cherehani na yeye akawa fundi umeme, na alikuwa fundi kweli, si wa kubahatisha. Kisha akapata ajali ya pikipiki pale Vigwaza, mguu ukakatwa juu ya goti, akarudi kwa mama yake akawa mtu wa kushinda sebuleni akitazama dari. Mwanzoni watu walijaa, wengine na mchele, wengine na machungwa, pole nyingi na dua nyingi, halafu wakapungua mmoja mmoja mpaka ikawa Jumamosi nzima inapita hajabishiwa hodi. Nami nilikuwa katika hao waliopungua. Nilikuwa na visingizio vya kazi, na fundi cherehani hakosi kisingizio, sare za shule haziishi.

Kilichoturudisha kwake ni kadi. Binamu yake anayefanya kazi melini alimletea sanduku zima la kadi za mchezo wa huko ng'ambo, zenye picha za mazimwi na askari na malkia, na Kassimu kwa kukosa la kufanya akazisoma zote, akajifunza kanuni, kisha akatuita sisi watatu: mimi, Tatu anayefundisha shule ya msingi kule Kaole, na Zuberi muuza mananasi. Tukacheza Jumamosi moja, tukarudi ya pili, basi tena, ikawa ada. Kassimu alianza kunyoa ndevu. Alianza kuvaa shati lililopigwa pasi. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa akipita na trei ya chai anamtazama mwanawe anavyobishana na kucheka, hasemi kitu, ila nilimwona siku moja amesimama mlangoni anajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Mchezo wenyewe hauna ugumu kuuelewa. Kila mtu ana fungu lake la kadi alilolipanga mwenyewe, na ndani ya fungu kuna kadi za aina mbili kubwa: viumbe na ardhi. Viumbe ndio wanaopigana, lakini hakuna kiumbe anayetoka bure, kila mmoja anadai ardhi zake ziwe zimekwisha kulazwa mezani. Askari mdogo anadai ardhi mbili, zimwi kubwa linadai sita au saba. Kila zamu unavuta kadi moja na unaruhusiwa kulaza ardhi moja. Huna ardhi, huna kitu, utakaa na mazimwi yako mkononi wenzako wanakutandika. Kwa hiyo ufundi wote uko nyumbani, kabla hujakaa mezani, katika kuchagua ardhi ngapi na za namna gani, na hapo ndipo watu wenye pupa wanapojulikana.

Sasa, Bi Mwanaidi. Mumewe, yaani baba yake Kassimu, alikuwa mcheza kamari. Shamba la minazi la Kaole alilirithi kwa baba yake, akalimaliza kwenye karata, akauza na vitu vya ndani, mwisho akaondoka na hajarudi mpaka leo. Mji mzima unajua, na kwa sababu mji mzima unajua hakuna anayelitaja. Bi Mwanaidi alituvumilia akidhani ni picha tu za kitoto, mpaka jirani yake Bi Tausi (mama mwenye mdomo, Mungu amsamehe, na mimi anisamehe zaidi) alipochungulia dirishani akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwanaidi, kumbe siku hizi kwako wanacheza karata?"

Bi Mwanaidi hakupiga kelele. Alituita, tukakaa kwenye mkeka kama wanafunzi, akasema, "Wanangu, mimi sijui michezo ya kisasa. Nitakaa Jumamosi ijayo nitazame mchezo mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Nikiona ni mchezo wa akili, chezeni, na chai nitawapikia. Nikiona ni wa bahati, nisameheni, kitu hicho hakikai tena ndani ya nyumba yangu."

Tukafurahi! Maana tulijua ni mchezo wa akili. Kassimu akatupangia mafungu mwenyewe, siku tatu mfululizo, akihesabu ardhi za kila mtu kama mpishi anayepima chumvi ya pilau la harusi, ili siku hiyo mchezo uende vizuri, kila mtu acheze kila zamu, mama aone watu wanafikiri. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno, nikapewa kazi ya kumweleza Bi Mwanaidi. Kassimu aliponikabidhi fungu langu alinishika mkono. "Shabani, badilisha utakacho, lakini ardhi usiguse. Nakujua."

"Niguse ili iweje?" nikamjibu, na wallahi wakati ule nilikuwa nasema kweli.

Tatizo ni kwamba siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo nilikwenda Chalinze kupeleka sare, nikakutana na kijana mmoja wa chuo anayecheza mchezo huu huu, tukabadilishana kadi, na nikarudi na Zimwi la Radi. Jamani, lile zimwi! Linang'aa ukiligeuza kwenye mwanga. Nikaliweka juu ya cherehani, nikawa nashona naliangalia, nashona naliangalia, sketi ya mtoto wa watu nikaishona pindo juu. Nikajisemea, Bi Mwanaidi akiona zimwi hili linatoka atajua huu ni mchezo wa maana. Ila fungu lilikuwa limejaa, na ili kitu kiingie lazima kingine kitoke. Nikatoa ardhi moja. Moja tu, nani atajua? Kisha nikaona zimwi likiwa peke yake litaonewa, nikamwongeza Nyati wa Chuma, nikatoa ardhi nyingine. Kisha Malkia wa Pepo. Nikajipa sababu nzuri kabisa: mchezo wa watu wanne ni mrefu, wenzangu watakuwa wanapigana wao kwa wao, mimi nitapata muda wa kukusanya ardhi zangu taratibu bila kusumbuliwa. Kwenye mchezo wa wawili nisingethubutu, lakini wanne? Nikatoa tena. Na zile zilizobaki nikazibadilisha nyingine nikaweka zile nzuri za rangi mbili, zinazong'aa, ambazo zina kasoro ndogo tu kwamba zikiingia mezani zinaingia zimelala ubavu na hazitumiki mpaka zamu inayofuata. Nilipomaliza fungu langu lilikuwa zuri kuliko yote mjini. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa namna ya kulicheza.

Jumamosi ikafika. Baada ya swala ya adhuhuri tukajikusanya, sebule imefagiliwa, Bi Mwanaidi ameketi kwenye kiti chake, na pembeni yake, bila kualikwa na mtu, Bi Tausi. Mlangoni majirani wengine wamesimama wanajifanya wanapunga upepo. Tukaamkia, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, vitumbua vikaletwa sahani kubwa katikati ya meza. Kassimu amevaa kanzu nyeupe. Nikasimama nikatoa hotuba yangu.

"Mama, hizi si karata. Karata unagawiwa, hujui utapata nini. Hapa kila mtu amechagua kadi zake mwenyewe, amekaa akapiga hesabu. Hapa hakuna bahati, mama. Hapa ni akili tupu." Nikapiga na meza kidogo kutilia mkazo. Bi Mwanaidi akaitikia kwa kichwa, na Kassimu akanitazama kwa namna ya kunishukuru ambayo mpaka leo ikinijia natikisa kichwa kuifukuza.

Tukavuta kadi za kuanzia. Saba. Nikazifungua: mazimwi sita na ardhi moja.

Sasa kanuni inaruhusu kurudisha kadi zote, ukachanganya upya, ukavuta tena pungufu ya moja. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini nimetoka sasa hivi kusema hakuna bahati, nikianza kurudisha kadi na kuchanganya mbele ya mama wa watu si atauliza kwa nini? Nikazishika. Nikatabasamu. Nikalaza ardhi yangu moja na kusema kwa sauti ya mtu mwenye siri, "Napita."

Wenzangu wakaendelea vizuri, Tatu katoa askari, Zuberi katoa mbwa mwitu, Kassimu anamweleza mama yake kila hatua, na mama anaelewa, akauliza hata swali zuri, kwa nini Tatu hajampiga Zuberi wakati ana nguvu. Mambo yalikuwa yanakwenda! Zamu yangu ikafika, nikavuta: Nyati wa Chuma. Napita. Ikaja tena: Malkia wa Pepo. Napita.

"Huyu fundi mbona hachezi?" akauliza Bi Tausi.

"Anasubiri, ni mbinu," akasema Kassimu haraka, lakini jicho lake lilikuwa kwangu, linauliza.

"Nasubiri," nikasema. "Ni mbinu."

Zamu iliyofuata nikapata ardhi, nikaruka kwa furaha, kumbe ni mojawapo ya zile nzuri zinazong'aa, ikaingia imelala ubavu. Napita. Zilizofuata, zimwi, na zimwi jingine. Mkono wangu ulijaa mpaka kadi zikaanza kunidondoka, na kwa kanuni ukizidisha saba lazima utupe, nikawa natupa mazimwi yangu mazuri mbele ya watu wote bila hata moja kutoka. Tatu angeweza kunimaliza dakika yoyote, akawa ananipita, anampiga Zuberi. "Mbona huyu hamumpigi?" akauliza Bi Tausi. Tatu, ambaye ni mtu wa adabu kupita kiasi, akasema, "Tunamwonea huruma, bibi, hana kitu." Kicheko kikapigwa mpaka mlangoni. Watu husema unatamani ardhi ipasuke ikumeze, mimi hata hiyo ardhi sikuwa nayo.

Na hapo, badala ya kukubali yaishe, nilichemka. Sijui niseme nini kingine. Nikaanza kuligonga fungu kwa kidole kabla ya kuvuta. Nikalipuliza. Nikasema Bismillahi kwa sauti. Nikavuta, zimwi, nikapiga paja, "Aah! Ilikuwa ya chini yake!" Kassimu akaninong'oneza, "Shabani, taratibu," sikumsikia, masikio yalikuwa yameziba. "Ardhi moja tu," nikasema, "bado moja tu, inakuja, naisikia kabisa!"

Bi Tausi akapandwa na mzuka. "Haitoki!" akasema, amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Naweka kitumbua changu, haitoki!"

"Nami naweka viwili, haitoki," akasema Zuberi, Zuberi huyu huyu asiyesema neno kutwa, limemtoka tu.

Na mimi, mtu wa hotuba, mtu wa akili tupu, nikasimama nusu, nikasogeza sahani nzima ya vitumbua upande wangu na kusema, "Naweka vyote! Inatoka!" Nikaibamiza kadi mezani, uso juu.

Ilikuwa Zimwi la Radi. Lilikuwa linang'aa vizuri.

Walioko mlangoni wakashangilia, kisha mmoja mmoja wakanyamaza, maana Bi Mwanaidi alikuwa amesimama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo. Alikuwa amekunja mikono tumboni kama mtu aliyeshikwa na baridi.

"Baba yako alikuwa anasema hivyo hivyo," alimwambia Kassimu, si mimi. "Bado moja tu. Alikuwa anapuliza hivyo hivyo." Akachukua ile sahani ya vitumbua, akaifunika, akatoka nayo uani.

Watu wakatawanyika bila kuaga. Bi Tausi mwenyewe alijitanda ushungi akaondoka kimya, na Bi Tausi kuondoka kimya ni jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tatu akawa anapanga kadi zake. Kassimu akavuta fungu langu, akaligeuza, akaanza kuzitandaza kadi mezani moja moja, nami nimekaa kama mshitakiwa nasubiri amalize. Alikuwa anadhani atakuta ardhi zimejikusanya chini, jambo ambalo hutokea, na hapo ningekuwa na la kujitetea. Akafika mwisho. Akanitazama.

"Ardhi nilizokuwekea ziko wapi?"

"Dukani kwangu," nikasema.

Kisha akasema polepole, kama mtu aliyeona mlango bado uko wazi, "Basi haikuwa bahati. Mwambie mama. Mwambie ulizitoa, ataelewa, ni hesabu tu, Shabani, nenda kamwambie."

Nikaenda. Sijawahi kutembea uani kwa watu nikaona mbali namna ile. Bi Mwanaidi alikuwa ameinama anasugua kikaango cha vitumbua kwa mchanga, hakuinua uso. Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza yote: Chalinze, zimwi, jinsi nilivyotoa moja, kisha nyingine, na kwamba Kassimu alinikataza, na kwamba mchezo hauna kosa lolote, kosa ni langu. "Mama, wallahi haikuwa bahati. Ilikuwa tamaa yangu tu."

Akaacha kusugua. "Najua, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Na ya mume wangu haikuwa bahati. Ilikuwa tamaa."

Mimi, mwenye maneno, nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimekwenda kuutetea mchezo nikamalizia kwa kuuzika kwa mikono yangu. Niliporudi sebuleni Kassimu alikuwa amesikia yote, uani na sebule vinatenganishwa na pazia tu. Alikuwa ameshazipanga kadi zote kwenye sanduku lake, za kwake na za kwetu, na amelifunga kwa kamba. Alimwita mama yake akamkabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili. Hakutaka mama aje kuzidai.

Sasa hivi Zuberi haji, anasema ni msimu wa mananasi. Tatu alikuja mara moja na machungwa, akasema pole, nikajua hiyo ndiyo imeshakwisha, maana machungwa na pole nazifahamu. Mimi naenda kila Jumamosi. Tunakaa. Ananiuliza habari za dukani, namwambia nzuri, namuuliza habari za mguu, ananiambia nzuri, kisha tunatazama barabarani kila mtu na mikono yake mapajani. Bi Mwanaidi huleta chai na ananiita mwanangu kama zamani, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angenifukuza. Kassimu ameacha tena kunyoa.

Jumamosi iliyopita, tumekaa hivyo hivyo, akaniuliza ghafla, "Ungeziacha zile ardhi, ungeshinda?"

Nikafikiri, maana alistahili jibu la kweli. Nikapiga hesabu ya kadi za Tatu na za Zuberi na za kwake. "Hapana," nikasema. "Tatu angeshinda."

"Najua," akasema Kassimu. "Ungeshindwa tu, Shabani. Ungekaa, ungecheza kidogo kidogo, ungeshindwa, tukanywa chai. Ndicho nilichokupangia."

Nami toka hapo nimejiapia, na nyinyi muwe mashahidi wangu: nikialikwa tena mahali kwenda kushindwa, nitakwenda, nitakaa kitako, na nitashindwa kama wanavyoshindwa watu wengine.